Fundi Subiri, Baba Aliyekubali Kuulizwa Mara ya Pili

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona mikeka, katika nyumba ya matofali ambayo mwashi huyo aliijenga kwa mikono yake na hakuwahi kuimaliza upande wa jikoni. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kulia. Mkunga alimpiga kofi la kwanza, mtoto akanyamaza. La pili, akamtazama tu mkunga. Ndipo akalia, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akaendelea hadi kidato cha nne alichokimaliza mwaka 1976. Alipenda hesabu, na alipenda zaidi kuchora. Alichaguliwa kwenda chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa majengo, lakini ada ilizidi uwezo wa nyumba yao. Msaada kwa wasiojiweza ulikuwepo, na sharti lake lilikuwa moja: mzazi aandike na kutia sahihi kwamba hana uwezo wa kulipa. Babu alikaa na ile karatasi wiki nzima. Mwisho aliirudisha bila sahihi, akasema, "Mwanangu, nitakupa chochote nilicho nacho. Lakini kuandika kwamba siwezi, hilo siwezi." Marehemu alikisimulia kisa hiki bila kinyongo. Kila mara aliongeza kwamba baba yake ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kwa fundi makochi aliyemfunza kazi.

Kazi hiyo aliianza mwaka 1977 na hakuiacha tena. Mwaka 1985 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye mlango mpana upande wa barabarani, na nyumba ya kuishi nyuma yake. Waliopita hapo wanaikumbuka harufu ya gundi na vumbi jeupe la sponji juu ya kila kitu, pamoja na nyusi zake. Alipokuwa akivuta kitambaa juu ya fremu aliweka misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, akaigonga. Mteja akimsemesha, aliinua kidole kumwomba asubiri, akaitema misumari yote kiganjani, ndipo akajibu. Ndiyo asili ya jina la Fundi Subiri. Ndiyo pia asili ya sifa yake kwamba ni mtu anayepima neno kabla ya kulisema. Mama anasema sifa hiyo ilikuwa ya misumari.

Mama alikuwa mshonaji katika duka la cherehani lililopakana na karakana. Kijana huyu alianza kumpelekea vitambaa vya kushona pindo, na baada ya muda akawa anampelekea vitambaa vyenye pindo tayari. Siku moja Mama alimuuliza, "Sasa hiki nikishone wapi?" Akainua kidole. Hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, na tangu hapo yeye alivuta na kugonga, Mama akakata na kushona. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu: binti mwaka 1988, mwana mwaka 1991, na kitindamimba, binti, mwaka 1996.

Nyumbani kwao hapakuwa na kochi. Kinyozi hajinyoi. Kila alichokitengeneza kilikuwa cha watu, na kipato kilikwenda shuleni. Sebuleni kulikuwa na mkeka, ndoo mbili za kukalia zikipinduliwa, na stuli moja ya wageni yenye mguu uliohitaji busara ya mkaaji.

Mwaka 2008 binti mkubwa alipata nafasi chuoni kusomea tiba ya viungo. Maji yalikuwa yamefika shingoni: bila msaada asingekwenda, na nafasi ile haikuwa ya kungoja mwaka mwingine. Binti aliomba mfuko wa masomo uliokuwa ukisaidia wanafunzi wa familia zenye hali duni. Mfuko ulijibu kwamba ofisa wao angefika nyumbani Jumanne, tarehe 5 Agosti, kujionea hali ya familia kabla ya uamuzi.

Marehemu alisikia jambo moja tu katika habari hiyo: mgeni anakuja. Jumatatu jioni alipaka chokaa ukuta wa sebule. Jumanne asubuhi alitazama seti ya makochi ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee iliyokuwa karakanani, imekamilika, ikimsubiri mama mwenye saluni aliyeahidi kuichukua Alhamisi.

"Baba watoto," Mama akasema, "huyu mtu anakuja kuona shida."

"Atakuja kwangu akalie ndoo?"

"Si ndiyo hali yetu?"

"Ni hali yetu. Si ya kumkalisha mtu."

"Mficha uchi hazai, baba watoto."

"Tumeshazaa watatu," akajibu, akaenda kushika upande mmoja wa kochi. Mlango wa nyumba ulikuwa mwembamba, kwa hiyo aliung'oa, akauegemeza nyuma ya choo.

Ofisa alifika saa nne, kijana mpole mwenye jalada kwapani. Alikaribishwa, akazama ndani ya mahameli hadi magoti yakamfika kifuani. Akasifu makochi. Marehemu akashukuru. Akauliza biashara inaendaje.

"Inaenda, mwanangu. Tunashukuru."

"Mahitaji ya nyumbani mnayapata?"

"Mungu hamtupi mja wake."

"Kuna mnachopungukiwa?"

"Mambo ni mazuri tu. Karibu sana."

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ameshika pazia kwa mikono miwili. Alikuwa akisikia chuo kikiondoka jibu kwa jibu, na hakuweza kumkatiza baba yake mbele ya mgeni. Mama alitazama dari. Ofisa aliandika kidogo, akafunga jalada.

"Mzee, nimefurahi kuwafahamu. Lakini nisikudanganye. Nyumba nilizozipita jana hazina hata benchi. Mfuko huu ni wa watu wa namna hiyo."

Hapo ndipo mama mwenye saluni alipotokea, siku mbili kabla ya ahadi, na kijana wa mkokoteni nyuma yake. Alikuwa ameikuta karakana tupu, akazunguka hadi nyumbani, akatafuta mlango wa kubisha hodi asiuone.

"Hodi, fundi. Mbona umeng'oa m..." Akaona. Akamgeukia ofisa kwa adabu zote. "Samahani, kaka. Umekalia kochi langu."

Ofisa akamtazama marehemu. Marehemu akainua kidole, kama aliyekuwa na misumari mdomoni, na kidole kikabaki hewani.

"Nilijua nimekuja mapema," mama mwenye saluni akasema. "Sikujua nitayakuta yameshaolewa."

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Makochi yakatolewa moja baada ya jingine kupitia mahali palipokuwa na mlango, na sebule ikarudi kuwa yenyewe: mkeka, stuli, ndoo, chokaa ambayo haijakauka vizuri. Wote walidhani ofisa angeondoka kwa hasira. Yeye alichukua ndoo moja, akaipindua, akaketi.

"Nimefanya kazi hii miaka," akasema. "Nimeona watu wakihamishia redio na makabati kwa jirani ili nisiyaone. Wa kuingiza, mzee, wewe wa kwanza."

"Wewe ni mgeni wangu," marehemu akasema.

"Nimekaribia, na nimekaa. Sasa naomba nikuulize upya. Hali ikoje?"

Marehemu alimtazama binti yake pale penye pazia. Alichukua muda mrefu kuliko misumari yoyote.

"Hali ngumu, mwanangu," akasema. "Huyu nimemfikisha hapa kwa kujinyima mimi na mama yake. Ana wadogo zake wawili nyuma. Kutoka hapa kwenda mbele siwezi."

Watoto wake walikuwa hawajawahi kulisikia neno hilo kutoka kwake. Mama alikaa mkekani karibu naye, na ofisa akafungua tena jalada. Waliongea hadi adhuhuri: kodi ya karakana, miezi ambayo hakuna anayetaka kochi, kifua chake ambacho kilikuwa kimeanza kukwaruza. Kutoka nje, juu ya mkokoteni, mama mwenye saluni alipaza sauti: "Andika na mlango, kaka. Nyumba haina mlango."

"Mlango upo, dada," marehemu akamjibu, "upo chooni," na hata ofisa akaweka kalamu chini ili acheke.

Jibu lilikuja Septemba: ada yote, malazi na vitabu. Binti alilisoma karakanani, akiwa amesimama. Marehemu aliweka nyundo chini, akasema, "Lisome tena," akasomewa. Kisha akafanya jambo alilolikataza kwa kila fundi aliyepita mikononi mwake: aliketi kwenye kiti cha mteja, akaegemea, na usingizi ukamchukua mchana ule ule. Mama hakumwamsha. Waliokuja kuulizia kiti aliwaambia gundi haijakauka.

Tangu mwaka huo, jirani yeyote aliyekuwa akingoja kutembelewa na watu wa mfuko alipata ushauri wake bila kuuomba: "Acheni nyumba ilivyo. Mkiulizwa habari, msianze na nzuri." Zamu ya wadogo wawili ilipofika aliwakaribisha maofisa kwa ndoo safi, akajibu maswali kama yalivyo, na wote wawili walisaidiwa.

Mwaka 2021 madaktari walimkuta na ugonjwa wa mapafu, matunda ya vumbi la sponji na gundi la miaka mingi. Alifunga karakana mwaka uliofuata. Hakuogopa kufa, aliogopa kukosa pumzi, na sisi tuliogopa naye. Binti yake mkubwa alirudi kukaa karibu. Alimfundisha kukaa ameinama mbele, mikono juu ya mto, na kuitoa pumzi polepole kama anayepuliza uji. Mto huo marehemu aliushona mwenyewe, akiukosoa: pindo la kushoto limepinda, anayelipa angekataa.

Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, baada ya chakula cha mchana, alikuwa ameketi dirishani, Mama kando yake akipunguza nyuzi za shuka, binti mkubwa upande wa pili.

"Mama watoto, punguza redio."

"Redio sijaiwasha tangu asubuhi."

"Basi ni kifua changu kinaimba," akasema, akacheka kidogo, akaegemea mto wake. Kifua kiliimba, kikapunguza sauti, kikanyamaza. Hakukabwa. Binti yake alikuwa ameshika mkono wake, na alituambia baadaye kwamba pumzi ya mwisho ilitoka vile vile alivyomfundisha, polepole. Tuliyoyaogopa kwa miaka mitatu hayakutokea, na kwa hilo tunashukuru hata tunapolia.

Marehemu ameacha mke, mshirika wake wa ndoa na wa karakana kwa miaka thelathini na saba. Binti mkubwa, mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwana, mchoraji wa majengo. Binti mdogo, mwalimu wa sekondari. Wakwe wawili, wajukuu watano, na dada yake mkubwa aliyemfundisha kusoma saa. Ameacha pia, katika nyumba nyingi za mji huu, makochi ambayo bado hayajabonyea.

Aliwapumzisha wengi migongo. Mwenyezi Mungu ampumzishe naye, kwa amani.