Pasipoti ya Mgeni

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na kwa kawaida tunalikalia watu watano. Jumatano ile tulikuwa wanne na nafasi. Nafasi ilikuwa ya Tochi, mlinzi wa ghala la saruji, tuliyemzika Jumamosi. Alifia kwenye kiti chake getini, hana mke wala ndugu, na mwajiri wake, bila hata haya, akatuma mtu mochwari kudai sare. Ndiyo tukachangiana hapa hapa benchini: suruali ya Kinyozi, shati langu, na koti la kijivu la Mgeni, jipya kabisa. Kinyozi akamnyoa, akamvisha. Alipendeza kuliko siku zote alizokuwa hai, na mimi hasira haijanitoka mpaka leo. Huyo Mgeni ni fundi bomba. Tunamwita hivyo kwa sababu amezeeka mtaani kwetu bila uraia, na tulishamwahidi kwamba siku akiupata tutamtafutia jina jingine. Mahojiano yake ya uraia yalikuwa kesho yake asubuhi, na pasipoti ilikuwa haionekani.

Kinyozi: Umetafuta vizuri lakini?

Mgeni: Nimemwaga nyumba yote chini. Nimefunua godoro, nimepangua hadi masufuria. Inakaa kwenye kisanduku cha bati, miaka yote inakaa humo. Kisanduku kipo, yenyewe haipo.

Redio: Panya.

Tunamwita Redio kwa sababu ya kile kiredio anachokiweka begani, na kwa sababu yeye pia hazimiki.

Kinyozi: Panya wa nini?

Redio: Panya anapenda gundi. Pasipoti nzima ni gundi ile.

Kinyozi: Na picha ya huyu jamaa? Sura hii? Si angetapika pale pale!

Hakuna aliyecheka. Mgeni alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na kahawa hajaigusa.

Mimi: Si uende ubalozini kwenu wakupe nyingine?

Mgeni: Ubalozi upi? Geti lina kufuli na nyasi zimeota. Hata bendera walishaishusha.

Mimi: Basi kesho mwambie afisa ukweli.

Mgeni: Nimeshauliza dirishani pale uhamiaji. Hakuna pasipoti, hakuna mahojiano, faili linafungwa. Likifungwa, kibali changu ndiyo kinaisha hivyo, wananirudisha. Wananirudisha kwa nani, kaka? Kule sina hata kaburi la kuonyesha.

Redio: Sikilizeni. Ofisi zile zina kitengo cha siri. Mahojiano yakikaribia, wanatuma mtu akuibie pasipoti, halafu wanakaa pembeni wanakutazama. Ukitulia, umefaulu.

Kinyozi: Acha uzushi. Ni mwenye nyumba huyo, anakitaka chumba chake.

Redio: Au kuna mtu kafanana naye. Kesho anawahi foleni, anajibu maswali yote, anatoka raia. Huyu wetu akifika anaambiwa bandia ni yeye.

Mimi: Redio, kunywa kahawa. Mgeni, umemuuliza shemeji?

Mgeni: Hapana.

Kinyozi: Mke wako humuulizi?

Mgeni: Yuko kwa dada yake, anauguza. Nianze kumwambia nini kwenye simu? Na lile koti hajui kama nimelitoa. Kalinunua yeye, kwa kufulia watu nguo, ili niende mbele ya afisa nionekane mtu. Nilitaka nimwambie ana kwa ana. Anarudi leo.

Kinyozi: Kwa Tochi ataelewa. Na lile lilikuwa koti, bwana. Nafunga vifungo, nasikia kifua kigumu kama koti la waziri. Kesho nitakuazima langu.

Redio: Lako limejaa nywele za watu.

Redio akaitazama ile nafasi iliyo wazi, akashusha sauti.

Redio: Nyie mnanicheka, lakini maiti huwa haondoki mikono mitupu. Tochi kaondoka nayo.

Kinyozi: We!

Mimi: Redio, funga hilo bakuli lako au utoke kwenye benchi langu! Mtu hata udongo wake haujakauka!

Na hapo ndipo shemeji alipotokea kona ya duka, begi mkononi, vumbi la safari miguuni. Akatupa pole ya Tochi mmoja mmoja, kisha akakaa. Akakaa pale pale penye nafasi, na hatukuwahi kumzuia. Mgeni akainama, akamweleza habari ya pasipoti bila kumwangalia usoni.

Shemeji akacheka. Akamshika mumewe bega.

Shemeji: Ndiyo hilo tu? Ungejiua kwa presha, mume wangu! Haijapotea. Siku naondoka niliitia kwenye koti la kijivu, mfuko wa ndani. Nikaupiga na uzi mdomoni isije ikadondoka. Nilijua utasahau kila kitu, lakini koti la mahojiano huwezi kulisahau.

Kinyozi akaanza kuvitazama vidole vyake. Redio akazima redio, jambo ambalo sijapata kuliona. Mgeni alibaki mdomo wazi, na ule mkono wa mkewe bado uko begani.

Shemeji: Mbona mnaniangalia hivyo?

Nikachukua birika nimmiminie kahawa, ili mikono yangu angalau ipate cha kufanya. Lilikuwa tupu. Nikaendelea kuliinamisha juu ya kikombe chake.

Shemeji: Jamani, si naongea na nyie? Koti liko wapi?