Makombe Matatu na Kilemba cha Ukoka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi, mabinti zangu mabingwa, na wewe mke wangu uliyekuja kuhakikisha sisemi uongo: hamjambo nyote.

Nimekaa hapa nusu saa nzima nikisifiwa. Eti nimeiokota timu ya mpira wa magongo mavumbini, nikaipa ubingwa mara tatu mfululizo. Jamani, hicho ni kilemba cha ukoka, na leo ninapostaafu nakivua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipataje ukocha? Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kikaoni nilinyoosha mkono niombe dirisha lifunguliwe, Mkuu wa wakati ule akasema, "Asante Mwalimu, tumeshapata kocha." Gongo nilikuwa nimelishika mara moja tu maishani, nikimfukuza mbwa wa jirani, na mbwa alishinda.

Mwaka wa kwanza tulifungwa kumi na moja bila. Nikasema tatizo ni nidhamu, nikawakimbiza wachezaji kuzunguka uwanja mara ishirini kila asubuhi. Mechi iliyofuata tukafungwa kumi na mbili, maana sasa walikuwa wamechoka pia.

Kila Jumatatu nilikwenda kuchukua mipira kwa mtunza stoo, ambaye sote tunamwita Mama Stoo, naye alinipa fomu nisaini. Kwenye nafasi ya maoni alikuwa ameandika: "Namba nane asogee kushoto. Mabeki wasiufuate mpira wote kwa pamoja." Nikasaini, nikaenda zangu. Hadi siku moja, wakati wa mapumziko, nimeishiwa maneno, nikaitoa ile fomu mfukoni nikaisoma kwa sauti nzito, kama mawazo yangu. Tukashinda.

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, kocha wenu alikuwa msomaji wa fomu. Na fainali ya mwaka huu je? Mwamuzi alinitoa kwa kupayuka, tukiwa nyuma bao moja. Nikiwa nimejiinamia ndani ya basi, nikasikia shangwe mara mbili. Nani alikuwa amesimama kando ya uwanja? Mabinti, semeni nyie.

Ilinichukua miaka minne kumwuliza Mama Stoo alijifunzia wapi. Akanijibu, "Mwalimu, mimi nimecheza miaka tisa, timu ya kiwanda cha nguo. Si hukuwahi kuuliza?" Niliona haya, na bado naona.

Sasa sikieni aibu kubwa kuliko zote. Wiki iliyopita Mama Stoo aliomba nafasi ninayoiacha. Ombi lake limerudishwa kwa kuwa hana shahada ya michezo. Sharti hilo aliliandika nani? Mimi, nikitaka kazi yangu ionekane ngumu. Shahada yenyewe hata mimi sina.

Mkuu wa Chuo, kamati inakaa kesho. Nakuomba mlifute sharti langu, na hiyo zawadi yangu ingoje hadi mmalize. Kama ni lazima awepo mtu wa kusifiwa leo, yuko kule nyuma, amesimama mlangoni, kwa sababu viti tumevijaza sisi wenye vyeo.

Mama, njoo ukae hapa pangu. Mimi nimeshamaliza, nawashukuru nyote kwa kunivumilia, leo na miaka yote hiyo.