Sauti Iliyokemewa Merigi

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Mungu iwe nanyi jioni hii. Tunamkumbuka Jerusa Chepkemboi wa Merigi, aliyetutoka juma lililopita, mwaka huu wa 1998. Jerusa alikuwa kipofu tangu utotoni. Alikuwa pia mwanafunzi mwenzangu katika darasa la jioni la watu wazima, lile tunaloliita gumbaru.

Sisi wengine tulisoma vitabu. Jerusa alisomewa. Mzee Isaiah Kiptanui, mzee wa kanisa lao, alimrekodia masomo yote kwenye kaseti. Lakini Mzee Isaiah husoma polepole sana. Mtihani ulikaribia, na kaseti zilijaa kikapu cha chai. Kwa neema ya Mungu, redio kaseti ya Jerusa ilikuwa na swichi ya kuongeza mwendo.

Aliwahi kunieleza alivyojifunza. Alianza na somo alilolijua tayari, akaongeza mwendo kidogo. Alipozoea, akaongeza tena.

"Ni kama kuchuma chai," aliniambia. "Mwanzo unatafuta kila jani. Baadaye mkono unajua wenyewe."

Naye alichuma kwa kupapasa, na karani wa chai, anayekagua majani, hakuwahi kuyakataa yake.

Mwishowe ile sauti ikawa nyembamba, inakimbia kama vifaranga waliomwona mwewe. Mama yake, Mama Janeffer, akaogopa, akidhani ni pepo. Jumamosi moja akaita wazee wa maombi. Wakakubaliana kwamba redio ichomwe. Bila redio hiyo, wasikilizaji, Jerusa hangefanya mtihani.

Mzee Isaiah alitangulia kuingia. Akaisikia ile sauti, akainua mkono.

"Pepo, shindwe. Mwachilie huyu mtoto."

"Mzee," Jerusa akasema, "unajikemea mwenyewe."

Akarudisha swichi. Ikasikika sauti ya Mzee Isaiah, polepole, ikifundisha habari za mvua. Hata kikohozi chake kilikuwemo.

"Na hiyo ya haraka, wewe unaielewa?" Mzee akauliza.

Jerusa akamkariria somo lote. "Na hapa katikati, mzee, ulipiga miayo."

Mama Janeffer alicheka mpaka akakaa chini. Redio haikuchomwa. Jerusa alifanya mtihani, akapita. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa jambo hilo.

Mama Janeffer ameniambia juu ya siku ya mwisho hospitalini. Mzee Isaiah alikuwa akimwombea Jerusa, kwa mwendo wake ule ule. Jerusa, dhaifu, akasema, "Ongeza kidogo, mzee. Nitalala kabla ya amina."

Wakacheka wote watatu. Akaisikia amina, ndipo akalala.

Mama Janeffer, na jamaa yote ya Merigi, pokeeni pole zetu. Mungu awashike mkono. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni sauti ya nani tumeikemea kwa kuwa hatujaizoea?

Familia imeniletea ile kaseti ya mvua. Tutaisikiliza sasa, kwa mwendo wa Jerusa. Wasikilizaji wapendwa, msiguse redio zenu. Hazijaharibika.