Papa Zihindula, mwalimu wa Biashara aliyehamishia darasa la watoto sokoni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1989, Papa Zihindula Mushagalusa anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Jamii cha Muhumba kwa miaka kumi na minane kasoro miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ameitaja mwenyewe. Sisi wa gazeti hili la chuo tulikuwa tumeandika kumi na minane kamili, akaturudishia karatasi ikiwa na mstari mwekundu.

Alizaliwa Miti, kwenye barabara ya kwenda Kavumu, na alikuwa karani wa shamba la chai kabla hajawa mwalimu. Alipofika chuoni tarehe 4 Oktoba 1971 kufundisha sehemu ya Biashara, alikuta mashine tano za kuandikia na wanafunzi thelathini na wawili. Alichukua makartoni, akachora juu yake herufi zote za mashine, na waliokosa nafasi wakajizoeza vidole kwenye karatasi hadi zamu yao ilipofika. Wiki tatu baadaye nchi ikabadilishwa jina ikawa Zaïre, na barua zote za mfano alizozitayarisha zikabaki na jina la nchi ambayo haipo tena. Hakununa. Aliwapa wanafunzi wazirudie zote, moja moja, akasema hilo ndilo zoezi bora alilowahi kupata bila kulitafuta.

Wengi mnamjua kwa suti yake ya abacost, ya kijivu, iliyonyooshwa vizuri, na kwa sikio lake. Anaweza kusimama dirishani akitazama ziwa, darasa zima likigonga mashine nyuma yake, akasema bila kugeuka, "Wewe wa pili, umekosea." Na kweli utakuwa umekosea.

Lakini kazi yake iliyo kubwa kuliko zote hakuifanya katika Biashara. Aliifanya katika sehemu ya Elimu ya Watoto Wadogo, ambako hakuna mtu aliyemwita.

Sehemu hiyo ilifunguliwa mwaka 1974 na Maman Virginie Ntakwinja, kuwafundisha wasichana kazi ya ualimu wa maternelle, yaani shule ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mwezi wa kwanza wa 1977 ilifika barua ya inspekta. Angekuja tarehe 14 Machi, na kama chuo hakingekuwa na darasa la mazoezi lenye watoto wasiopungua ishirini na watano, sehemu ingefungwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu wasingepata diploma. Siku ile tulikuwa na watoto sita, na wanne kati yao walikuwa wa walimu wetu wenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wasichana kumi na wanne. Mwandishi wa mistari hii alikuwa mmoja wao, na anakumbuka alivyolia kwenye ngazi za maktaba.

Maman Virginie alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba Muhumba yote. Wazazi walimkaribisha chai, wakamwambia kwamba mtoto wa kuimba tu anaweza kuimbia nyumbani. Papa Zihindula alisikia habari hiyo kwenye chumba cha walimu. Alifunga daftari lake akasema: "Tunatafuta batoto mahali hawako. Batoto iko Kadutu."

Walimu walicheka. Mtu wa barua za biashara ataongea nini na wamama wenye watoto mgongoni?

Jumamosi ya kwanza walicheka zaidi. Alipanda mlima hadi soko la Kadutu na wanafunzi wake wa Biashara, wakiwa na matangazo mia moja ya darasa la watoto, yaliyochapwa kwa usafi wa ajabu, kwa Kifaransa, na saini na muhuri chini. Aliyagawa yote. Jumatatu alinunua karanga barabarani, na alipofungua karatasi iliyozifunga akaona saini yake mwenyewe. Hadithi hiyo asingeijua mtu kama asingetusimulia yeye, akicheka hadi kufuta machozi.

Jumamosi ya pili hakubeba karatasi. Alikaa kwenye kigoda kando ya Maman Cibalonza, muuza maharage aliyesikilizwa na wenzake wote wa mstari ule, akaomba amsaidie kuuza. Tangu asubuhi hadi saa sita alipima maharage huku amempakata Bulonza, binti wa mama huyo, mwenye miaka minne. Wateja walipita wakaenda kwa jirani.

"Papa," Maman Cibalonza alimwambia, "wewe unauzisha sawa mutu anasoma barua. Uwaangalie kwa macho, uwaulize habari ya nyumba."

"Aksanti, maman. Na wewe, juu ya nini huleti huyu mutoto ku masomo?"

Hapo ndipo alipopata jibu ambalo sote tulikuwa hatujalitafuta. Maman Cibalonza hakuwa na neno juu ya nyimbo wala michezo. "Muhumba iko mbali," alisema. "Nani atamushusha asubuhi? Nani atamupandisha hii mulima saa sita, na mimi niko na wateja? Masomo ikikuya hapa, kesho namuleta."

Papa Zihindula alishuka ule mlima karibu akikimbia. Jioni hiyo alisoma kanuni ya wizara neno kwa neno, mara tatu. Kanuni ilidai darasa la mazoezi la chuo. Haikusema popote kwamba lazima liwe ndani ya ua wa chuo.

Wauza maharage walikubali kuondoa magunia kwenye nusu ya ghala lao. Wanafunzi wa Biashara walipaka chokaa, wakatengeneza viti vidogo kwa mbao za masanduku ya sabuni. Sisi tulikata picha na kushona wanasesere kwa vipande vya vitambaa vya vikwembe. Nao wamama walidai kitu kimoja: kwamba kila Alhamisi mmoja wao afundishe wale vijana wa Biashara namna ya kuuza, maana walikuwa wamemwona mwalimu wao anavyouza. Papa Zihindula alikubali papo hapo. Wiki ya kwanza walikuja watoto kumi na mmoja. Asubuhi ya tarehe 14 Machi walikuwa arobaini na mmoja.

Inspekta alifika Muhumba, akakuta chumba chenye meza tupu. Alikasirika waziwazi. Papa Zihindula alimwomba radhi kwa upole, akampandisha Kadutu kwa mguu, mvua ikiwa imetoka kunyesha na njia imejaa utelezi. Inspekta alipoingia ghalani, viatu vyake vilikuwa vya udongo na uso wake haukuwa wa kuchekewa.

"Hii ni depo ya magunia," alisema.

Papa Zihindula alimpa kanuni, kidole kikiwa kwenye mstari. Inspekta akaisoma, akaagiza watoto waimbe. Watoto arobaini na mmoja walimtazama mgeni, na hakuna aliyefungua kinywa. Mimi ndiye niliyekuwa mbele ya darasa saa hiyo.

Maman Virginie alinionyesha kwa macho nikae chini. Nikakaa, nikamwaga maharage kwenye mkeka, na watoto wakaanza kuyatenga kwa rangi kama tulivyozoea kila siku. Bulonza aliyapanga mekundu kumi katika kikopo, akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwa inspekta.

"Papa, unakamata hii nyekundu ao ya manjano?"

Inspekta aliinama. "Nyekundu. Iko ngapi?"

"Kumi." Akayahesabu mbele yake, bila kuruka hata moja, kisha akaongeza la kumi na moja, la bure, kama mama yake anavyowaongezea wateja. "Na hii ni matabishi, juu urudie kesho."

Inspekta alicheka kwa sauti, akavuta kiti cha sanduku la sabuni, akakaa saa nzima na nusu. Aliandika kwamba darasa limekubaliwa, na kwamba vyuo vingine vije kulitazama. Mwezi wa sita sote kumi na wanne tulishinda mtihani, tukapata diploma. Nje ya ghala wamama walipiga vigelegele hadi soko likasimama.

Leo madarasa ya namna hiyo ni matatu, na watoto zaidi ya elfu moja wamepitia humo. Masomo ya Biashara ya mchana kwa wamama wa soko yalianza mwaka 1979. Maman Cibalonza aliyafuata kwa miaka miwili, akapata cheti chake mwaka 1981, akiwa wa tatu kati ya watu ishirini na tisa. Bulonza sasa yuko sekondari.

Papa Zihindula, wewe na mkeo, Maman Adèle, mnarudi Miti, na umeahidi kupumzika, ingawa hakuna anayekuamini. Aksanti kwa kila barua uliyotusahihisha, na aksanti kwa kukaa kwenye kile kigoda asubuhi nzima. Mungu awape afya, mavuno mazuri na wajukuu wengi wa kuwasumbua.

Wasomaji wetu wajue pia: wauza maharage wa Kadutu wametuma habari kwamba Ijumaa, saa nne hadi saa sita, mstari wao wote utafungwa, kwa kuwa watakuwa hapa chuoni kumuaga. Anayetaka maharage anunue Alhamisi.

Nabintu Namegabe
Mwalimu, sehemu ya Elimu ya Watoto Wadogo