Mashine Ilisema Ninakimbia

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wa rika, poleni na jua hili. Padre ameniomba niseme maneno machache, nami nimemwonya kwamba machache sina. Mnanijua. Mimi ndiye niliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu lori la korosho lilisimama nje ya dirisha, nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikwenda Mtwara. Nilipofika huko nikataka kujua barabara inaishia wapi. Nimekata mkonge Lindi, nimeng'oa visiki kwenye mashamba ya karanga kule Nachingwea, nimebeba magunia bandarini. Sikutulia mpaka nilipooa kijiji cha Mkunya, kule Newala, nikahamia kwa wakwe kama desturi yetu ilivyo.

Leo simtaji mtu kwa jina. Anayejijua ajijue.

Ndugu zangu, ugonjwa wangu ulianza kwa baridi. Si homa, na wala si ile baridi ya kipupwe inayowapata wote kule juu Newala. Nasema baridi ya adhuhuri, kabla mvua hazijaanza, wakati hata mbuzi wanagombea kivuli. Mimi nilikaa juani nimejifunika blanketi. Kisha mwili ukawa mzito. Kule Newala mnajua maji yako bondeni, na anayekunywa lazima ashuke na apande. Nilikuwa nikimsaidia mke wangu kubeba. Nikaanza kupumzika mara moja njiani, kisha kila kona, mwishowe nikawa nakaa chini na wanawake wenye ndoo kichwani wananipita wakinicheka.

Uso ukavimba. Ngozi ikawa kama ganda la muhogo uliosahaulika juani. Ulimi ukajaa mdomo, na sauti ikakwaruza kama mlango mbovu. Mtu akinisalimu, jibu lilinitoka yeye akiwa ameshaondoka. Mimi niliyekuwa nikiuliza kila kitu, nikawa sina hata swali.

Mnajua watu walisema nini. Msijifanye hamjui. Mtu aliyevimba, mzito, asiyesema vizuri, walimwita nani? Ndondocha. Wakasema wachawi wamenichukua, wamenikata ulimi, wananilimisha usiku, na hiki kinachoota jua mchana ni ganda tu. Binti yangu mdogo akaambiwa asile sahani moja na mimi.

Mjomba wa mke wangu alikuja siku moja, akasimama mbele yangu bila kukaa.

"Mkwe, unalima?"

Nikatafuta jibu. Lilipofika, alikuwa ameshaendelea.

"Hata ndondocha hulima! Wewe umewashinda kwa uvivu."

Wote uani wakacheka. Nilimwona mke wangu akicheka, halafu akafunika mdomo kwa kanga. Sikuwahi kujua kama kile kitambaa kilificha kicheko au kilio. Jioni mkeka wangu ulikuwa nje ya mlango umekunjwa vizuri, na kwetu hiyo ni lugha inayoeleweka.

Nikashuka Masasi kidogo kidogo, mpaka hapa Lisekese kwa mama yangu mdogo. Yule pale, benchi la tatu, anaangalia chini. Inua uso, Mama! Yeye hakuniuliza kama mimi ni mtu au ganda. Aliuliza, "Umekula?"

Alinipeleka hospitali ya misheni. Mara ya kwanza nilipewa dawa ya minyoo. Mara ya pili dresa, yule mfunga vidonda, akaniambia mbele ya foleni nzima kwamba dawa ya uvivu haijaletwa. Mara ya tatu ndipo nikaonwa na daktari mwenyewe, mwanamke wa Kizungu, mwembamba, asiyependa salamu ndefu. Alinipigisha magoti kwenye kiti, nyayo zikining'inia, akagonga kano juu ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu ukaruka, halafu ukarudi polepole, kama mzee anayefikiri kabla ya kujibu. Akagonga tena. Akaita wauguzi waje kuona.

"Shingoni una tezi," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Ndiyo inayoupa mwili moto. Yako nadhani imelala."

"Lakini sina rovu, shingo haijavimba, Bibi Daktari."

"Si lazima ivimbe. Dawa ipo. Vidonge vya tezi ya kondoo, iliyokaushwa."

Mama mdogo akashtuka. "Atalia kama kondoo?"

"Akilia kwa sauti yoyote nitafurahi. Lakini kwanza apimwe. Kesho asubuhi aje bila kula."

Mashine ya kunipimia ilikuwa pipa la bati lenye bomba la mpira, na kalamu inayochora mstari kwenye karatasi inayozunguka. Wanakubana pua kwa kibanio, unapumua kwa mdomo ndani ya bomba. Nilipumua. Bibi Daktari akapiga hesabu, akakunja uso, akapiga tena.

"Mashine inasema tezi yako inakimbia," akasema. "Mwili wako unasema imelala."

Tukarudi siku nyingine. Mashine ikasema vilevile, nakimbia. Ndugu zangu, mimi niliyeshindwa kupanda mlima wa maji, nakimbia!

Hapo ndipo nilipoonja uchungu kuliko ule wa mkeka. Maana dawa niliiona. Ilikuwa kwenye chupa ya kahawia, pale mezani, karibu na mkono wangu. Akaniambia hawezi kunipa. "Tezi ikiwa imelala, vidonge hivi vitakuamsha. Ikiwa inakimbia nami nikaichochea, moyo wako hautastahimili. Nikikosea, nakuua." Daktari mwingine, mgeni aliyekuwa akipita kukagua, alitazama karatasi, hakunitazama mimi. Akasema mashine haina sababu ya kudanganya, bali Mwafrika mvivu anazo nyingi. Alidhani sielewi Kiingereza. Bandarini nilikosa mengi, lakini hicho nilikiokota.

Nikainuka niondoke. Kweli niliinuka. Mama mdogo akachukua bakuli alilonibebea chakula na kitambaa chake. Nilipofika mlangoni, swali moja likanijia, la kwanza baada ya muda mrefu sana. Lilikuja taratibu kama mguu wangu, lakini lilifika.

"Bibi Daktari, hii mashine inapima nini hasa?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Inapima hewa unayoitumia. Mwili ni jiko. Moto ukiwa mkubwa, unakula hewa nyingi. Ukila chakula, moto unapanda. Ukitembea, unapanda. Ukiogopa, unapanda. Ndiyo maana nilisema uje bila kula."

Nikageuka nikamtazama mama mdogo. Naye akalitazama bakuli lake.

Mnacheka. Subirini. Asubuhi zote mbili alikuwa amenipa uji wa karanga, bakuli limejaa, kabla hatujatoka. Tukatembea toka hapa Lisekese hadi hospitali, mimi nikihema kama ng'ombe wa gari.

"Mama, unampa chakula?" Daktari akauliza.

"Uji tu, Bibi. Ni mgonjwa."

"Nilisema asile!"

"Ulisema. Nami nikajua ni mfungo wenu, ule wa kabla ya Meza ya Bwana." Akajinyoosha, kwa maana alikuwa na hakika na dini yake. "Lakini hata padre humfungulia mgonjwa. Mgonjwa hafungi, Bibi. Mimi ni Mkristo tangu kwa bibi yangu, najua."

Nani kati yenu angefanya vingine? Tumefundishwa hapahapa, kwenye benchi hizi, kwamba asubuhi ya kufunga ni ya kumheshimu Mungu, na Mungu humhurumia mgonjwa. Hakuna aliyetuambia kwamba mashine haihurumii. Hata mimi nilikula kwa roho safi.

Bibi Daktari akakaa. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Kosa ni langu. Niliamuru, sikueleza."

Nikalazwa wodini. Wakanibana pua mara nyingi bila kupima chochote, mpaka woga ukanichoka. Siku ya kipimo nikapimwa palepale kitandani, bila kula, bila kusimama. Ile kalamu ikachora mstari uliolala. Tezi imelala, tena usingizi mzito.

Nilianza na robo ya kidonge, ili moyo usishtuke. Dalili ya kwanza ilikuwa jasho. Nililia kwa ajili ya jasho, ndugu zangu. Kisha sauti. Kisha maswali, na wauguzi wakatamani nilale tena.

Nilipopata nguvu nilipanda Newala, nikaenda Mkunya kwa miguu yangu. Mke wangu alikuwa tayari ameozeshwa mwingine. Mjomba wake alinikaribisha kiti safari hii.

"Kumbe ulikuwa mtu! Si ungesema ni ugonjwa?"

"Shikamoo, Mjomba. Nilisema. Mkasema sina ulimi."

Binti yangu aliniletea maji kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Niliyanywa yote, nikashuka. Sijasamehe bado. Padre anajua, tunaendelea kuongea.

Namshukuru Bibi Daktari, aliyekubali kupima tena. Namshukuru mama yangu mdogo kwa uji wake, hata ule uliokaribia kuniua, maana bila huo mwingine nisingefika hospitali. Na ninyi nawaachia hili: kabla hujasema mtu ni mvivu au amelogwa, muulize mara ya pili, kisha ungoje jibu, hata likija kwa kuchelewa.

Na jambo la mwisho. Ipo nyumba moja hapa Lisekese ambayo nyuma yake kuna mtu amekaa juani adhuhuri, amejifunika blanketi, na watoto wamekatazwa kumkaribia. Nimemwona. Mwenye nyumba ananisikia. Kesho alfajiri nitapita kumchukua, na kitanda cha wodini nimeshamwombea. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya kipimo, usimpelekee uji.