Mafunda Mawili Kabla ya Kisu

Wapendwa, hiyo glasi ya maji mliyoniwekea hapa madhabahuni iondoeni. Nitaimwaga, halafu mtaniangalia vile mnavyojua kuangalia.

Shida yangu mnaiona. Mikono inatetemeka, na kichwa kinakwenda kulia na kushoto kama cha mtu anayekataa. Mama watoto alikuwa akiniuliza kama aniongeze ugali, nasema ndiyo, naye anacheka: "Mdomo umekubali, kichwa kimegoma. Nimsikilize nani?" Ni yeye peke yake aliyenicheka nami nikacheka.

Mimi niliishia darasa la tatu. Tunduma niliingia na suruali moja. Nikasukuma mkokoteni wa saruji kuvusha Nakonde, upande wa Zambia, mpaka nikafunga mashine yangu ya kusaga hapa Mpemba. Sikumwomba mtu. Zamani nilikuwa nalisema hilo kwa kujisifu. Leo nalisema kwa sababu ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Kutetemeka kulipoanza, mlisema nakunywa. Ndugu zangu, nawaambia usoni: siku mliponiondoa kwenye kugawa kikombe cha Meza ya Bwana, pombe haikuwa imepita mdomoni mwangu tangu nibatizwe. Nilinyamaza. Mzee mzima nianze kuzunguka nyumba za watu nikijieleza?

Halafu macho yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mwisho nikawa naona kivuli tu. Najua mtu amekaa pale, simjui mpaka aongee. Mama watoto ndiye aliyenishika mkono kwenda shambani, mashineni na humu ndani.

Ikatangazwa hapa hapa kwamba madaktari wa macho wanakuja Vwawa kwa siku chache. Nilitaka kukataa. Yeye akasema, "Twende. Nataka unione."

"Nakujua ulivyo."

"Ulikuwa unanijua," akasema. Sikulitia maanani neno hilo.

Hofu yangu ilikuwa moja, kwamba wakiniona natikisika watanirudisha. Rafiki yangu wa enzi za mkokoteni akanipa siri. "Kaka, kunywa kachasu, mafunda mawili tu. Mkono unatulia kama umepigiliwa msumari. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo." Kachasu ni ile gongo ya ng'ambo. Mnaijua, msijifanye. Nikajaribu. Nusu saa baadaye nilishika kikombe cha chai kilichojaa, nikakimaliza bila tone kudondoka. Nililia, ndugu zangu. Basi ule uongo mlionisingizia nikaufanya kweli kwa mkono wangu mwenyewe.

Asubuhi ya kupasuliwa niliingia chooni na kichupa. Nikatoka nimetulia. Nesi akauliza, "Baba, una ugonjwa wowote? Presha, sukari, kutetemeka?"

"Sina. Mimi mzima."

Nikalazwa kwenye kitanda cha kupasuliwa. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaniinamia. "Mzee, umekunywa?"

"Hapana."

"Mzee wangu, pua yangu iko juu ya mdomo wako."

Hofu ikanishika, na kichwa kikaanza safari zake. Nikasikia vyuma vinarudishwa kwenye sahani. "Sikugusi," akasema. "Kisu kikiwa ndani ya jicho nawe ukatikisika, nitakupofusha kabisa. Nenda nyumbani. Rudi siku tutakayokuja tena, ukiwa hujanywa."

 Tulipokaribia nyumbani mama watoto akauliza, "Kwa nini hukuwaambia kwamba unatetemeka?"

"Wangenikataa."

"Na sasa wamekukubali?"

 

Miezi ikapita. Nikawa nasikia mama watoto anapumzika njiani, anaketi. Nikimuuliza anasema ni uchovu. Siku moja akashindwa kuamka. Mdogo wake akaja kutoka Iyula, akaingia chumbani, akatoka mbio. "Shemeji, dada amekwisha hivi! Amebaki mifupa. Ulikuwa unamwangaliaje?"

"Nilikuwa simwoni," nikamjibu.

Hospitali walisema uvimbe wa tumboni ulikuwa wa siku nyingi, na tumechelewa. Hakumaliza mwezi.

Siku ya mazishi mlipanga mstari kumuaga. Nami nikapitishwa. Niliinama nikaona weupe wa shuka, basi. Nikampapasa uso. Mkono wangu ukawa unagonga-gonga juu ya shavu lake, na shavu halikuwepo, ni mfupa. Hivyo ndivyo nilivyomwona mke wangu mara ya mwisho.

Baada ya arobaini shemeji alinipeleka Mbeya, hospitali ya rufaa. Sikungoja kuulizwa. Nikamwambia daktari, "Natetemeka mikono na kichwa. Mara ya kwanza nilificha, nikanywa kachasu."

"Ni hilo tu?" akasema. "Tutakulaza usingizi, kichwa kitatulia chenyewe. Hata kule ungesema, wangekuandikia uje huku."

Ni hilo tu. Nimebeba magunia, nimepigwa na askari wa mpakani, sijawahi kuumizwa kama na maneno hayo matatu.

Wakanipasua. Tukiwa njiani kurudi, pale Nanyala, nikaona mwanamke anapanga nyanya, moja moja, wekundu wake wazi kabisa. Shemeji akauliza mbona silii kwa furaha. Nilitaka kufika nyumbani.

Nilifungua sanduku la marehemu. Gauni lake la Jumapili lilikuwa limebanwa ubavuni mara tatu, mshono ndani ya mshono. Kadiri alivyokonda alilipunguza. Aliketi kando yangu akishona, nikisikia uzi unavutwa, nikidhani ni nguo za wajukuu.

Sasa nataka kuwaambia ninyi. Kila Jumapili alipita katikati yenu akiniongoza, na gauni hilo mwilini. Mlimwona. Mlidhani najua. Siwalaumu, maana nilikuwa mtu wa kujibu watu kwa ukali, nani angethubutu kunieleza habari za mke wangu? Lakini nawaomba: ukimwona mtu anaisha, mwambie mwenzake aliye karibu naye. Usidhani anajua. Akikutukana, vumilia. Na wewe unayeulizwa na daktari una nini, jibu. Hiyo aibu haimzidi mtu uliyemwacha nyumbani.

Nawashukuru madaktari wa Mbeya. Namshukuru yule wa Vwawa aliyekataa kunigusa, maana alinihifadhia jicho. Namshukuru shemeji, ambaye angeweza kunichukia na bado akanipeleka. Na mama watoto, namshukuru nikiwa nimechelewa.

Nimemaliza. Macho yanaona, lakini miguu nayo imeanza kutetemeka, na hizi ngazi za kushukia ni tatu. Aliye karibu aje anishike mkono.