Leodegar Komba Akabidhi Kengele ya Kufungia

Leodegar Komba anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, baada ya miaka ishirini na saba katika baa ya Kiingereza ya hoteli yetu hapa Azaiba. Meneja wa baa, Belinda Mugerwa, alitangaza hayo Jumapili, akaongeza jambo ambalo wengi walikuwa wakilisubiri: kengele ya shaba ya kufungia baa inabaki.

Halikuwa jambo la hakika. Mwezi Januari uongozi ulipanga kuiondoa na kuweka sauti ya kurekodiwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuwatoa wageni bila ugomvi. Leodegar aliomba miezi mitatu na mtu mmoja wa kumfundisha.

Utaratibu aliufundishwa mwaka 1999 na mkuu wa baa wa wakati huo, Mwingereza. Mchana baa hufungwa saa tisa. Dakika ishirini kabla, kengele hulia mara moja: agizo la mwisho. Saa tisa kamili hulia mara mbili, mabomba ya bia hufunikwa taulo, na mhudumu hupaza sauti kwa Kiingereza kwamba muda umekwisha. Leodegar aliongeza la kwake: "Kwenu, jamani, kwenu!" Wazee wa Kiingereza wanaoshinda pale wamejifunza kumjibu, "Bado kidogo, baba!" Kisha huondoka.

Wiki yake ya kwanza, akiisugua kengele saa saba mchana, ililia mara mbili. Alikuwa ameambiwa kengele hiyo ikishalia mara mbili hakuna kinachouzwa tena. Akafunika mabomba, akawatoa wageni kumi na mmoja kwenye jua la Julai, mwezi wa joto kali huku. Wote walitii. Mkuu wake alikuta baa tupu na safi. Tangu siku hiyo huisugua akiwa ameuvika ulimi wa kengele soksi.

Mwanafunzi wake, Nalule, kutoka Masaka, alianza na sauti ya kuomba radhi.

"Dada, hapo unawaaga au unawakaribisha?" Leodegar alimuuliza mbele ya wote.

"Mzee, hawa wote wakubwa kuliko baba yangu!"

"Basi wafukuze kwa heshima. Lakini wafukuze."

Ramadhani, baa ilipofungwa, Nalule alifanya mazoezi kwenye ukumbi mtupu, akiamuru viti. Uongozi ulimpa mtihani wa kuamua kama kengele itabaki: siku tatu mfululizo, wageni wawe wametoka kabla ya saa tisa na dakika ishirini, Leodegar asiwepo. Jumamosi, siku ya tatu, wa mwisho alitoka saa tisa na dakika kumi na nne, akamshukuru mlangoni. Makofi yalisikika kutoka jikoni, alikojificha Leodegar.

Anarudi Mbinga kwa mkewe, Anjelina, na shamba lao la kahawa. Tunamshukuru kwa kutufundisha kuagana na watu wakaondoka wakicheka. Tunamtakia afya, na mchana mrefu usio na saa.

Alhamisi atakaa upande wa wageni kwa mara ya kwanza, na soda yake ya tangawizi. Saa tisa kamili Nalule atapiga kengele, na Leodegar atatakiwa kutoka.